Wiki kumi na kikundi cha maigizo Nakuru: tathmini ya mtunzi wa mara ya kwanza

Nimetumia wiki kumi na shilingi 34,500 kwa huduma ambayo watu wengi wa Nakuru hawajui kwamba ipo. Ni kikundi cha waigizaji wazoefu kinachopokea mswada wa mtunzi ambaye hajawahi kuigiziwa chochote, kinausoma pamoja naye, kinauchambua mbele yake, kisha kinaupandisha jukwaani kwa maonyesho mawili ya kulipia. Wenyewe wameniomba nisiwataje kwa jina kwa kuwa hupokea mswada mmoja tu kila msimu, na nimeliheshimu ombi hilo. Anayefuatilia maigizo mjini hapa atawapata akiuliza katika kumbi. Mimi ni karani wa duka la pembejeo, na masomo yangu ya fasihi yaliishia kidato cha nne. Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya mtu kama mimi, aliyeficha mswada kwenye droo na asiyejua ampe nani.

Kwanza ieleweke hawa ni watu gani. Riziki yao ya kila siku hutokana na vitabu teule vya fasihi: huzunguka katika shule za upili za Nakuru na kaunti jirani wakiigiza tamthilia zinazotahiniwa, wakati mwingine shule mbili kwa siku moja, maleba yakiwa ndani ya magunia juu ya matatu. Baadhi yao walianza wakiwa wanafunzi katika Tamasha la Kitaifa la Drama, ambalo limekuwapo tangu mwaka 1959 na ndilo lililowalea waigizaji wengi nchini kabla hawajalipwa hata senti moja. Kazi ya shuleni huwapa sikio ambalo mtunzi hawezi kulipata akiwa peke yake. Mtu aliyewahi kusimama mbele ya wanafunzi mia sita wenye njaa, saa sita na nusu mchana, anajua ni sentensi ipi itakayowafanya waanze kunong'onezana. Hata hivyo, kazi hiyo ndiyo inayofanya miswada mipya ikose nafasi, kwani shule haitalipia tamthilia isiyokuwa kwenye mtihani. Kwa hiyo kikundi kinapotenga wiki kumi kwa ajili ya mtunzi asiyejulikana, kinaacha fedha za uhakika mahali pengine, na nilipolifahamu hilo nilikoma kunung'unikia ada yao.

Tamthilia yangu inahusu familia ya Mwariki, mtaa ulio kando ya Ziwa Nakuru, ambayo ziwa linaijia. Wakazi wa Nakuru hawahitaji kuelezwa: tangu mwaka 2010 hivi Ziwa Nakuru lilianza kupanda, likalimeza lango kuu la zamani la hifadhi, likaendelea hadi kwenye mashamba na nyumba za watu. Maji yalipozidi, chumvi na magadi vikapungua nguvu, mwani unaoliwa na heroe ukapungua, na ndege hao waliolipa ziwa letu sifa duniani wakahamia kwa wingi Ziwa Bogoria. Katika mswada wangu, baba wa nyumba anakataa kuhama, mama ameshafunga mizigo, na kijana wao aliyeko mjini anatuma fedha badala ya kuja mwenyewe. Niliandika kurasa 94 kwa miaka mitatu, usiku, baada ya kufunga hesabu za duka.

Wiki mbili za mwanzo ni za kusoma mezani, na kwa maoni yangu hizo peke yake zinastahili fedha zote nilizolipa. Tulikutana katika ukumbi wa kanisa mtaa wa Section 58, meza mbili zikiwa zimeunganishwa, chai ndani ya thermos, na kila mwigizaji akiwa na nakala yake na penseli. Mwelekezi, ambaye wote humwita Mwalimu, aliniwekea sharti moja: nisiseme neno mpaka ukurasa wa mwisho. Usomaji ulichukua saa tatu kasoro dakika kumi. Niliyasikia maneno yangu yakitoka katika vinywa vya watu wasionijua, na kabla hatujafika ukurasa wa 20 nilikuwa ninajua mwenyewe, bila kuambiwa na mtu yeyote, ni wapi nilipoandika kwa ajili ya kusifiwa na ni wapi nilipoandika kwa ajili ya wale watu watatu wa Mwariki. Mama wa tamthilia alikuwa akiongea kama gazeti. Kijana alikuwa anarudia mara nne jambo ambalo hadhira ingelielewa mara ya kwanza. Hakuna rafiki aliyesoma mswada huo nyumbani kwake aliyewahi kuniambia hayo, na sidhani ni kwa sababu walinihurumia. Kwenye karatasi hayakuonekana.

Baada ya usomaji hawakuanza na sifa wala lawama. Walianza na maswali, na swali lililonishinda liliulizwa na mwigizaji mkongwe kuliko wote, mzee wa miaka sitini na kitu aliyepewa nafasi ya baba. Katika onyesho la tatu nilikuwa nimempa uzungumzi nafsi wa kurasa mbili nzima kuhusu ardhi, jasho na makaburi ya wazazi. Alivua miwani, akaufunika mswada kwa kiganja, akaniambia: "Binti yangu, maneno haya ni mazuri. Lakini mzee huyu anayasema akiwa ameshika nini?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimemsimamisha katikati ya jukwaa, mikono mitupu, anahutubia. Akaendelea kuuliza kwa utaratibu uleule: kwa nini hahami? Nikamweleza kwamba katikati ya miaka ya 1990 ziwa hilihili lilikaribia kukauka kabisa, na mzee huyu alilivuka kwa miguu akiwa kijana, kwa hiyo moyoni mwake maji ni mgeni anayekuja na kuondoka. Wote wakanitazama. Mwalimu akauliza jambo hilo limeandikwa ukurasa gani. Halikuwa limeandikwa popote. Lilikuwa kichwani mwangu kwa miaka mitatu, na nilidhani limo kwenye karatasi.

Juma lililofuata nilileta onyesho jipya. Mzee ana kipande cha makaa, na kila asubuhi anainama kuchora mstari ukutani pale maji yalipofika, kisha anaandika tarehe kando yake kama fundi anayepima kazi yake. Kurasa mbili zikawa mistari minne, na wa mwisho ni huu: "Mwaka wa tisini na sita nilipita hapa kwa viatu vya ngozi, na vumbi lilikuwa jeupe kama unga." Mwigizaji alipousema mara ya kwanza katika mazoezi, alikuwa ameupa ukuta uso na hadhira mgongo, kidole gumba kikifuta mstari wa jana uliochorwa vibaya. Ninakumbuka nilishika ukingo wa meza. Hotuba yangu yote ya makaburi na jasho ilikuwa imo ndani ya kile kidole, na nilikuwa nimeilinda kwa wivu mkubwa bila sababu.

Jambo la pili nililojifunza kwao linahusu maji yenyewe. Katika maelekezo ya jukwaani nilikuwa nimeandika kwa ujasiri wa asiyejua: "Maji yanaingia sebuleni." Msimamizi wa jukwaa, mwanamke mpole asiyepoteza maneno, aliniuliza kama nitaleta pampu. Nilifikiri watatumia vitambaa vya buluu kama nilivyoona katika maigizo ya shule, lakini Mwalimu alikataa. Alisema kitambaa humwambia mtazamaji kwamba kuna maji, ilhali kazi yetu ni kumfanya ahisi baridi miguuni. Wakayaonyesha maji kwa miili na vitu. Katika onyesho la kwanza godoro liko sakafuni. Katika la pili kitanda kimepandishwa juu ya matofali. Katika la nne viatu vya familia vimefungwa kamba na kuning'inizwa kwenye misumari, na mama anatembea amekunja pindo la sketi kwa mkono mmoja, kila onyesho akilipandisha kidogo zaidi, bila mtu yeyote kutamka neno maji. Usiku wa pili wa maonyesho nilimwona mtazamaji wa safu ya mbele akiinua miguu yake kutoka sakafuni na kuikunja chini ya kiti, na nadhani mwenyewe hakujua kwamba ameinua.

Wiki ya tatu ilipoisha, Mwalimu aliomba tuupeleke mswada kwa watu wa Mwariki wausikie kabla haujakauka. Alitoa mfano wa Kamiriithu, Limuru, mwaka 1977, ambako Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliwapa wanakijiji rasimu ya tamthilia yao ya Kikuyu, nao wakulima na wafanyakazi wakasahihisha lugha na mambo ya maisha yao wenyewe hadi ikawa mali ya kijiji. Serikali ililifunga onyesho lile mwaka huohuo, na Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini siku ya mwisho ya Desemba. Kwa Mwalimu, hiyo ni dalili kwamba maneno ya wanakijiji yalikuwa na uzito. Mimi niliogopa kwa sababu ndogo zaidi: baadhi ya wakazi hao ni majirani wa shangazi yangu.

Walikuja watu kumi na tisa, wakaketi kwenye viti vya plastiki uani kwa jirani mmoja, na waigizaji wakasoma wakiwa wamesimama. Ajuza mmoja alinyamaza hadi mwisho, kisha akasema, "Umesahau kuku." Akaeleza kwamba maji yalipokuwa mbali bado, kabla ya binadamu kushtuka, kuku walikataa kulala kwenye banda lao na wakaanza kulala juu ya mti. Onyesho la kwanza la tamthilia yangu sasa linaanza na mama anayetafuta kuku jioni, akiwaita, kisha anatazama juu. Siku saba za kukaa mezani peke yangu zisingenipa kitu hicho.

Nisieleweke kwamba kila walichosema nilikikubali, wala kwamba walikitarajia hivyo. Tulivutana juu ya mwisho wa tamthilia. Mwalimu alitaka kijana arudi na lori, familia ipakie vitu, taa zizimwe wakiwa wanaondoka. Alisema hadhira iliyolipa kiingilio inastahili kupumua. Mimi nilitaka lori lisikike tu kwa mbali, na mzee abaki akichora mstari ambao sasa uko usawa wa kifua chake. Mjadala huo ulichukua jioni mbili. Ninamheshimu kwa jambo moja: alikuwa na uzoefu wa miaka mingi kuliko mimi, na angeweza kunifunga mdomo kwa kuutaja, lakini hakuutaja hata mara moja. Alipanga miisho yote miwili ikaigizwa mmoja baada ya mwingine, akaniacha nitazame, kisha akawauliza waigizaji. Wengi waliunga mkono mwisho wangu, mzee mwenyewe akiwa wa kwanza. Mwalimu akafunga daftari na kusema basi tuufanyie kazi, na hakulirudia tena. Nimesikia watunzi wengine wakilalamika kwamba wazoefu huwameza, hapa sikumezwa.

Yapo mambo yaliyoniumiza, na ningekuwa ninamdanganya msomaji kama ningeyaacha. La kwanza ni gharama. Nilielezwa mapema kuhusu shilingi 7,000 za usomaji na maoni, na 15,000 za mazoezi. Sikuelezwa kwamba kukodi taa na kusafirisha vifaa vya jukwaani ni juu ya mtunzi, na wiki ya nane niliombwa 12,500 nyingine wakati ambapo nisingeweza tena kurudi nyuma. Fedha zenyewe zilitumika vizuri, risiti nilipewa, ila jambo kama hilo husemwa siku ya kwanza, hasa kwa mtu anayelipwa mshahara wa karani. La pili ni saa. Mazoezi ya saa kumi na moja yalianza saa kumi na mbili, na mara mbili nilikosa matatu ya mwisho ya kunifikisha nyumbani. Ninajua kwamba waigizaji hao hutoka mashuleni wakiwa wamechoka. Hata hivyo, wangeiweka ratiba kwenye saa ya kweli.

La tatu ndilo zito. Usiku wa kwanza, kijana mmoja wa kikundi anayeigiza dereva wa lori aliongeza utani ambao haukuwa kwenye mswada, akiiga lafudhi ya kabila fulani ili watu wacheke, na watu wakacheka kweli. Nilikuwa nimeketi nyuma ya ukumbi na nilihisi joto usoni. Nakuru ni jiji la watu wa kila asili, na umwagaji damu wa mwanzoni mwa mwaka 2008 ulipita katika mitaa yetu. Nilikuwa nimeamua tangu ukurasa wa kwanza kwamba hakuna mhusika wangu atakayetambulishwa kwa lafudhi, ndiyo maana hata majina ya familia sikuyaandika. Baada ya onyesho nilimwendea Mwalimu, nikamwambia kwamba maneno hayo yasiposemwa kesho nitashukuru, na yakisemwa nitaliondoa jina langu kwenye bango. Hakubishana. Alimwita kijana pale pale, akamweleza mbele yangu kwamba kuongeza neno bila mtunzi kujua ni sawa na kumtilia mtu sahihi asiyoiweka. Kijana aliniomba radhi kwa heshima, akaniita mama, na usiku wa pili aliendesha lori lake kimya. Ninalalamika kwamba lilitokea, na ninasifu jinsi lilivyoshughulikiwa.

Hapo ndipo mkataba unapoingia, na hapa ningemwomba mtunzi mpya asome polepole. Karatasi ya kwanza niliyopewa ilikuwa na kifungu kilichosema kwamba mswada utakaotokana na mazoezi utakuwa mali ya kikundi. Sidhani walikuwa na nia mbaya. Nafikiri kilinakiliwa kutoka mkataba mwingine. Lakini chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, kazi ya fasihi inalindwa tangu inapoandikwa, hata kabla haijasajiliwa, na ulinzi huo hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Hakimiliki hiyo haihami kwa maneno ya mdomo. Huhama kwa maandishi yaliyotiwa sahihi, na karatasi niliyopewa ilikuwa maandishi ya namna hiyo hasa. Nilikataa kuitia sahihi, tukakaa chini, tukaandika upya: neno la mwisho kuhusu maneno ni la mtunzi, neno la mwisho kuhusu mwendo, taa na maleba ni la mwelekezi, mistari iliyozaliwa na waigizaji katika mazoezi hubaki kwenye mswada huku wao wakitajwa kwa shukrani, na kikundi kina haki ya kuiigiza tamthilia kwa mwaka mmoja kwa kunilipa asilimia 20 ya kiingilio. Niliusajili mswada kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya kabla ya wiki ya pili kuisha. Hakuna aliyekasirika. Mwalimu aliniambia kwamba watunzi wawili waliotangulia walitia sahihi bila kusoma, na nilimwomba awaite awarekebishie; amesema atafanya hivyo.

Maonyesho yenyewe yalihudhuriwa na watu 63 usiku wa kwanza na 118 usiku wa pili, kwa kiingilio cha shilingi 300. Fungu langu likawa shilingi 10,860, yaani sikurudisha hata nusu ya nilichotumia. Anayetafuta faida asiende huko. Anayetaka kujua kama alichokiandika ni tamthilia au ni hadithi iliyovalishwa majina ya wasemaji pembeni, aende, na aende akiwa na mswada uliokamilika, kwa sababu hawapokei wazo wala muhtasari. Wanapendelea miswada ya Kiswahili isiyozidi wahusika saba. Yangu ilikuwa na kumi na wawili, na watano walifutwa bila mtu yeyote kuwakumbuka. Abebe daftari tupu la kutosha, aulize mapema ni nani anayelipia taa, na ajizuie kujitetea wakati wa maswali, jambo ambalo mimi lilinichukua wiki nzima kulizoea.

Mswada wa mwisho una kurasa 58, na onyesho huchukua saa moja na dakika ishirini na tano. Ajuza wa kuku alikuja usiku wa pili kwa gari la jirani, akaketi safu ya pili pembeni. Mama alipotazama juu mtini katika onyesho la kwanza, ajuza aligusa bega la mjukuu wake na kumwonyesha kwa kidole.